Ukuta ule wa rangi usipakwe chokaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni kuulalamikia ukuta wa shule moja ya msingi huku kwetu Temeke. Kwake yeye ukuta ule ni aibu. Anasema michoro yake haina kichwa wala miguu, kwamba mwanawe wa chekechea angechora vizuri zaidi, na anaitaka kamati ya shule iufute, mahali pake wachorwe twiga, ramani ya Tanzania na herufi za alfabeti. Nasikia fundi wa rangi ameshapatikana, zinasubiriwa fedha tu. Ndiyo maana nimeona nisichelewe.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha sanaa katika shule za sekondari za jiji hili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na mmoja wa vijana wawili waliouchora ukuta huo nilimfundisha mimi. Nalitaja hilo mapema ili msomaji alijue.

Kwa wasiouona: ukuta wenyewe unatazama barabara, mrefu, kuanzia kwenye kona ya wauza mkaa hadi getini. Vijana waliupaka kwanza rangi nyeupe ya maji, wakaiacha ikauke vizuri, halafu wakaanza kupiga vipande vifupi vya rangi ya mafuta kwa brashi ya inchi mbili, safu baada ya safu, kutoka chini kwenda juu. Upande wa mkaa vipande ni rangi ya tofali. Ukitembea kuelekea getini vinageuka machungwa, kisha njano, kisha kijani, na pale getini kwenyewe vinakuwa buluu. Kati ya kipande na kipande wameacha weupe uchungulie. Hakuna mtu, hakuna mnyama, hakuna neno. Asubuhi, jua likishapanda juu ya mabati ya nyumba za ng'ambo, sehemu ya njano ndiyo inayowaka kwanza. Watoto wa darasa la kwanza hupita wameburuza vidole ukutani, na nimewasikia wakigombania rangi: wewe pita kijani, njano ni yangu. Sijamsikia hata mmoja akiuliza hii ni picha ya nini. Swali hilo ni letu sisi watu wazima.

Sasa nije kwenye ile kauli ya kwamba mtoto wa chekechea angeweza. Nimeisikia miaka yote, kwa wazazi, kwa walimu wenzangu, hata kwa wakaguzi. Badala ya kumjibu ndugu huyu kwa hasira, nimeona nimsimulie maisha ya mwalimu mmoja wa sanaa, Alma Thomas, kwa sababu sidhani kama kuna mchoraji aliyejua vizuri kumzidi yeye ni nini mtoto anaweza kuchora na nini hawezi.

Alizaliwa mwaka 1891 huko Columbus, jimbo la Georgia, Marekani, binti wa kwanza kati ya mabinti wanne. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, mama yake mshonaji wa nguo. Nyumbani hawakuwa na dhiki, lakini walikuwa watu weusi, na katika Georgia ya wakati ule fedha haikumfungulia mtu mweusi mlango wa maktaba ya mji. Mwaka 1906 zikatokea ghasia za Atlanta, mji wa jimbo hilohilo, watu weusi wakauawa mitaani. Mwaka uliofuata familia ikahamia Washington. Inasimuliwa kwamba walipofika kwenye mto Potomac, mabinti waliambiwa wavue viatu na kukung'uta mchanga wa Georgia wauache hukohuko.

Alma alitamani kusanifu majengo. Kwa msichana mweusi wa siku zile hilo halikuwezekana, akasomea ualimu, akafundisha watoto wadogo katika jimbo la Delaware. Mwaka 1921, akikaribia miaka 30, akaingia Chuo Kikuu cha Howard akiwa na nia ya kusomea ubunifu wa mavazi ya jukwaani. Profesa James Herring, aliyekuwa anaanzisha idara ya sanaa, akamvutia kwake. Mwaka 1924 Alma akawa mhitimu wa kwanza kabisa wa idara hiyo. Mwaka huohuo akaajiriwa Shaw Junior High School, shule ya watoto weusi mjini Washington, na akabaki hapo hadi alipostaafu mwaka 1960. Miaka 35 katika shule moja, somo moja.

Walimu wenzangu wanaelewa miaka 35 ni nini. Ni watoto wanaokuja bila penseli. Ni brashi zilizokauka kwa sababu zamu ya jana hawakuziosha, ni kugawa kopo moja la rangi kwa darasa zima, ni kuambiwa kila mwaka kwamba kipindi chako kimechukuliwa na hisabati kwa sababu mitihani imekaribia. Yeye alipitia ya kwao, sisi tumepitia ya kwetu. Alifanya shahada ya uzamili katika Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York, akaimaliza mwaka 1934, na huko akajifunza pia kutengeneza vikaragosi vya kuchezeshwa kwa nyuzi, ambavyo alivirudisha kwa wanafunzi wake. Mwaka 1938 akaanzisha ukumbi wa maonyesho ya sanaa ndani ya shule, wa kwanza katika shule za umma za mji ule, akiazima kazi za wachoraji weusi kutoka Howard na kuzitundika mahali ambapo watoto wa miaka 12 au 13 wangezipita kila siku wakienda darasani. Naomba wajumbe wa kamati ya shule wasome sentensi hiyo mara ya pili. Alijua kwamba mtoto hupokea kinachokaa kwenye njia yake.

Muda wote huo alikuwa anachora jioni na mwishoni mwa wiki, kazi za kawaida, vyungu na matunda na watu, kwa mkono mzuri tu. Katika miaka ya 1950 akarudi tena darasani kama mwanafunzi, American University, akiwa mama wa zaidi ya miaka 50 kati ya vijana. Mwaka 1961 akaona New York zile kazi za mwisho za Henri Matisse, Mfaransa, ambaye uzeeni, mwili ukiwa umemshinda, alikata karatasi zilizopakwa rangi kwa mkasi na kuzipanga kuwa picha. Mojawapo ni ile ya konokono ya mwaka 1953, vipande vikubwa vya rangi vilivyopangwa kwa mzunguko. Alma akaifanyia picha ya kuijibu mwaka 1963. Kisha yabisi ya viungo ikambana vibaya, hata akafikiria kuacha kabisa.

Lakini Howard wakamwita. Walitaka kufanya maonyesho ya kazi zake mwaka 1966, na yeye akaamua hataonyesha kitu chochote kinachofanana na alivyochora zamani. Alikuwa na miaka 74. Alikaa nyumbani kwake, nyumba ya familia aliyoishi karibu maisha yote, akatazama dirishani. Mbele ya dirisha kulikuwa na mti wa holi, wenye majani magumu ya kung'aa, na mwanga ulikuwa ukipita kati ya majani ukiangukia kuta na sakafu kwa vipandevipande. Hakuuchora mti. Alichora vile vipande vya mwanga. Hakuwa na chumba maalumu cha kazi. Alichorea jikoni na sebuleni, kanvasi kubwa akiiegemeza, nyingine akiiweka mapajani. Kwa mikono ile ile yenye yabisi akaanza kupiga vipande vifupi vya rangi, kimoja baada ya kingine, kwa mistari ya kusimama au kwa duara ndani ya duara, na weupe wa kanvasi ukabaki kati yake.

Ndipo nataka yule ndugu asimame kidogo. Mwanamke huyu alikuwa ameshika mikono ya watoto kwa miaka 35. Alikuwa ameona maelfu ya karatasi za watoto. Kama kuna mtu ambaye hangeweza kudanganyika akafikiri kuchapachapa rangi ovyo ni kuchora, ni yeye.

Mimi mwenyewe zoezi hilo nimewapa wanafunzi wengi, na si wa chekechea bali wa kidato cha pili na cha tatu. Unampa mtoto rangi tatu, unamwambia ajaze karatasi kwa vipande vifupi bila kuchora kitu. Mwanzoni ni shangwe. Baada ya muda anachoka kusubiri, anapiga kijani juu ya nyekundu ambayo haijakauka, anapata rangi ya tope. Anajaribu kuisahihisha kwa njano, tope linaongezeka. Kisha anaanza kujaza tu ili amalize, na nusu ya chini ya karatasi haina uhusiano tena na nusu ya juu. Anayefika mwisho bila kupotea ni mmoja mmoja, na ukimtazama utaona anafanya jambo ambalo wenzake hawafanyi: anainuka, anarudi nyuma hatua mbili, anatazama, ndipo anachovya brashi. Huyo kijana aliyechora ukuta wetu alikuwa hivyo tangu akiwa na miaka 15. Wenzake walikuwa wakimcheka kwa kusimamasimama.

Kuna picha ya Alma Thomas ya mwaka 1972, iko katika jumba la sanaa la Chicago, inaitwa "Starry Night and the Astronauts". Sijaiona kwa macho yangu, mjukuu wangu alinitafutia kwenye simu na nikaikuza mpaka kioo kikagoma. Yote ni buluu, vipande vya buluu juu mpaka chini, mahali pengine nzito, mahali pengine nyepesi, kama alivyotaka brashi ishike au iachie. Halafu juu, upande wa kulia, pana kijisehemu kidogo cha nyekundu, machungwa na njano. Basi. Ukikiziba kwa kidole gumba, ile buluu yote inalala. Ukiondoa kidole, unajua kuna watu wako mbali sana na nyumbani kwao. Hiyo ndiyo kazi ya mchoraji: kujua kwamba kijisehemu kile kikae pale na si mahali pengine, kiwe kidogo vile na si kikubwa. Mama huyu alizaliwa enzi za magari ya farasi, akaishi hadi kuona binadamu wakitembea mwezini mwaka 1969, na safari zile zikamkaa moyoni akazichora tena na tena.

Na sisi watu wa pwani tunajifanya hatujui mambo haya? Mama yangu alikuwa akisuka ukili. Alichemsha ukindu na rangi kwenye sufuria kuukuu, zambarau, kijani na nyekundu, akauanika, kisha akasuka ukanda mrefu siku nyingi huku anaongea na majirani, na mwishowe akaushona ukanda huo kuzunguka hadi ukawa mkeka. Nilikuwa namwona akifumua kipande kizima kwa sababu zambarau imekutana na kijani mahali asipopataka. Hakuna mgeni aliyeketi kwenye mkeka ule akauliza ni picha ya nini. Tulisema tu, huu umekaa, au, huu haukukaa. Nikitazama kazi za Alma Thomas naona ukili. Jicho la kuhukumu kazi hizi tunalo, tulilelewa nalo. Tunalifumba tu kazi ikipanda ukutani na kuitwa sanaa.

Hata katika sanaa yetu inayojulikana. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru na kuanza kuchora mwaka 1968, akiuza kazi zake pale Morogoro Stores, Oyster Bay, hakuchora chui kama alivyo porini. Alichukua hadibodi na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, akamjaza mnyama madoa kadiri picha ilivyohitaji madoa. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, na bado mtindo wake unalisha familia nyingi mjini hapa. Nendeni Mwenge kwa wachongaji wa Kimakonde, ombeni kuonyeshwa mawingu. Mzee atakutolea mpingo uliopindwa na kutobolewa, laini kama umelambwa, usio mtu wala mnyama. Mtindo huo una miaka mingi na ni wetu. Kwa hiyo wanaosema uchoraji dhahania, yaani usioonyesha mtu wala kitu, ni mambo ya Wazungu wasinichekeshe.

Nampenda pia Sam Ntiro, na ninamtaja ili nisieleweke kwamba nakataa picha za watu na vitu. Ntiro wa Machame, aliyekuwa balozi wetu London baada ya Uhuru, alichora migomba na watu wa kijijini kwake, na kila mtu anajua anatazama nini. Nchi ina nafasi ya wote wawili. Twiga na ramani viwekwe ndani ya madarasa, ambako mwalimu ataelekeza kwa fimbo na watoto watajibu kwa pamoja. Ukuta wa barabarani una kazi nyingine.

Kuna jambo moja nimelifikiria sana kuhusu Alma Thomas, nami nitalisema. Shule aliyofundisha ilikuwa ya watoto weusi kwa sababu sheria ilitenga. Aliandamana Washington mwaka 1963 siku ambayo Dkt. Martin Luther King alihutubia, na akaichora siku hiyo. Mwaka 1968, baada ya King kuuawa, mitaa ya karibu na nyumbani kwake iliwaka moto. Wakati huo vijana wengi wa sanaa Marekani walitaka picha inyooshe ngumi. Yeye akaendelea na maua, bustani, mwanga na mwezi, na akasema wazi kwamba kupitia rangi alitaka kushughulika na uzuri na furaha kuliko na ukatili wa binadamu kwa binadamu. Walikuwepo waliomwona mwoga. Mimi simwoni hivyo. Mtu anayewafundisha watoto walionyimwa kila kitu, kisha anaamua kwamba uzuri nao ni haki yao na ni haki yake, huyo hajakimbia vita. Watoto wa Temeke wanapita kwenye vumbi, maji machafu ya mtaro na honi za bodaboda. Ukuta ule ndio kitu pekee kwenye barabara ile kilichowekwa kwa ajili ya macho yao tu, bila kuwauzia vocha, soda wala mkopo.

Mwaka 1972, akiwa na miaka 80, Alma Thomas alifanyiwa maonyesho yake binafsi katika jumba la Whitney, New York. Hakuna mwanamke Mmarekani mweusi aliyewahi kupewa heshima hiyo pale kabla yake. Mwaka huohuo jumba la Corcoran la Washington nalo likamwonyesha. Alimwambia mwandishi wa habari kwamba alipokuwa mtoto kule Columbus watu wao hawakuruhusiwa hata kuingia kwenye majumba ya makumbusho, sembuse kufikiria kutundika picha zao. Alivunjika nyonga mwaka 1974, akapona, akaendelea kuchora. Alifariki Februari 1978. Mwaka 2015 ile picha yake ya mwaka 1966, "Resurrection", duara ndani ya duara la vipande vya rangi, ikatundikwa katika chumba cha kulia cha Ikulu ya Marekani, ya kwanza ya mwanamke Mmarekani mweusi kuingia katika hazina ya sanaa ya Ikulu ile. Kazi zake sasa zinauzwa kwa mamilioni ya dola. Hilo la fedha nalipita, ingawa najua baadhi yetu ndilo litakalotushawishi.

Ninachosisitiza ni kwamba ukubwa wote huo ulitoka katika chumba cha darasa la sanaa cha shule ya kawaida. Shule ya mwisho niliyofundisha, chumba chetu kiligeuzwa stoo ya madawati mabovu. Meza ndefu tulizochorea zikatolewa nje zikanyeshewa mpaka zikabanduka. Siwataji, kwa sababu najua shule si hiyo moja. Lakini tukishafunga vyumba, kisha tukafuta na kuta, huyo mtoto anayesimama na kurudi nyuma hatua mbili tutamjua vipi?

Kwa hiyo naiomba kamati ya shule, na mwenyekiti wake ambaye namheshimu, mambo haya. Kwanza, fundi asianze kazi kabla wazazi hawajaitwa kikao cha ukuta huu peke yake, na wale vijana wawili wapewe nafasi ya kueleza walichofanya. Pili, walimu wawaulize wanafunzi wenyewe, darasa kwa darasa. Tatu, kama fedha ya rangi imepatikana, itumike kuchora ramani na herufi kwenye kuta za ndani, ambazo nimeziona na zinahitaji kweli. Wale vijana wako tayari kuzichora kwa gharama ya rangi tu. Na upande wa chini wa ukuta wa nje, karibu na mtaro, ambako rangi imeanza kubanduka kwa unyevu, urekebishwe kabla ya masika, maana hapo msomaji wako ana haki ya kulalamika.

Kwa upande wangu, niko tayari kufundisha kuchora Jumamosi asubuhi katika shule hiyo bila malipo. Nahitaji chumba chenye dirisha, ndoo mbili za maji na ruhusa ya maandishi ya mwalimu mkuu. Brashi ninazo.

Mwalimu mstaafu wa sanaa,
Mtoni kwa Aziz Ali,
Dar es Salaam.